Kuhama Dar es Salaam kwenda Dodoma na mtoto mwenye mtindio wa ubongo: tathmini ya kampuni iliyobeba vyombo vyetu

Kampuni iliyotuhamisha kutoka Tabata, Dar es Salaam, hadi Ilazo, Dodoma, inafunga vyombo kwa ustadi mkubwa, inatoa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, bila kusukumwa, na haikuvunja hata kikombe kimoja katika nyumba iliyojaa vikombe. Pamoja na hayo, siwezi kumshauri mzazi mwenye mtoto mwenye ulemavu wa viungo aitumie hadi ibadilishe jambo moja katika utaratibu wake, nalo ni kushusha mzigo katikati ya safari na kuuhamishia kwenye lori jingine. Sitaitaja jina, kwa sababu madai yetu ya fidia bado yanashughulikiwa na si vema kumhukumu mtu hadharani kabla hajamaliza kujibu. Nitakayoyaeleza yanaweza kumsaidia msomaji kuipima kampuni yoyote ya aina hii, kwa kuwa nyingi zinafanya kazi kwa namna inayofanana.

Nieleze kwanza huduma yenyewe, maana wengi wetu tumezoea kwamba kuhama ni kutafuta Fuso na vibarua wanne. Tangu Serikali ilipoanza mwaka 2016 kutekeleza kwa vitendo uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, barabara ya Morogoro imepitisha makabati, majokofu na magodoro ya watumishi wa umma kwa wingi, na biashara ya kuhamisha familia nzima imekua pamoja na safari hizo. Zipo kampuni zinazomtuma mtu kukagua nyumba, zinazokuja na maboksi na wafungaji wao, zinazosafirisha, na zinazopanga vyombo katika nyumba mpya. Bei yao ni kubwa. Mwenye Fuso aliyeletwa na jirani alitutajia shilingi milioni moja na laki mbili, bila kufunga wala kupanga, ilhali kampuni hii ilitutoza milioni mbili na laki sita kwa kazi yote. Mtumishi anayehamishwa kwa fedha za mwajiri huielekea kampuni kwa sababu nyingine pia, kwani bila risiti ya EFD atapata taabu kurejesha masurufu, yaani kuonyesha alivyotumia fedha alizopewa, na wenye Fuso wengi hutoa karatasi ya daftari yenye sahihi tu.

Sababu yetu kubwa haikuwa risiti. Binti yetu ana miaka tisa na ana mtindio wa ubongo unaokaza misuli ya mikono na miguu yote miwili, hawezi kuketi bila kuegemezwa, na hawezi kujigeuza akiwa amelala. Kiti mwendo chake kina pedi za kifuani, kishikilia kichwa, mkanda wa nyonga na mahali pa kukanyagia palipopandishwa kwa vipande vya mbao. Asiyeishi na mtoto wa namna hii hudhani kwamba kiti ni cha kumtoa mtoto hapa na kumpeleka pale. Kwetu ndicho anachokalia anapokula, kwa sababu akilishwa amelala chakula kinaweza kuingia njia ya hewa na kumletea nimonia. Ndicho dawati lake. Na ndicho kinachosaidia mgongo usizidi kupinda. Pamoja na kiti ana fremu ya plaiwudi ya kusimamia, ambamo hufungwa kila siku ili miguu ibebe uzito na misuli ya nyuma ya goti na kisigino isizidi kufupika. Ana kitanda chenye vizuizi pembeni, godoro gumu, na mito ya sponji ya pembetatu inayomweka ubavu bila magoti kubanana. Chakula chake hupondwa kwa brenda.

Kila kimoja kati ya vitu hivyo kimepimwa mwilini mwake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti mwendo katika nchi zenye rasilimali chache unahesabu vipimo, marekebisho, mafunzo kwa mtumiaji na ufuatiliaji kuwa sehemu ya huduma ya kiti, na mzazi yeyote aliyekaa kwenye benchi la kliniki anajua maana yake: kifaa kikipotea au kikivunjika, hata ukiwa na fedha mkononi huendi dukani kununua kingine, unarudi kwenye foleni. Ndiyo maana kipimo nilichoitathminia kampuni hii ni kimoja. Nilitaka kujua ni kwa muda gani kazi yao itamwacha binti yetu bila vitu vyake, na vitamrudia vikiwa katika hali gani. Masuala ya rangi ya kabati kuchubuka au boksi la vitabu kulowa nimeyaacha, ingawa kwa hayo pia wangepata alama nzuri.

Kijana aliyekuja kukagua nyumba alikuwa nadhifu na mwenye adabu. Alipima makochi, akauliza kama friji ni la milango miwili, akahesabu makabati, akatoka nje kuangalia kama lori litafika mlangoni. Hakuuliza ni nani wanaoishi ndani. Fomu yao ina sehemu ya samani, ya vyombo vya jikoni, ya vifaa vya umeme, ya vitu vinavyovunjika, na ya mwisho iliyoandikwa "mengineyo", na fremu ya kusimamia ikaangukia huko, pamoja na ndoo na mafagio. Nilimwomba asiendelee kwanza, nikaomba namba ya msimamizi wake.

Msimamizi huyo, mzee mwenye sauti ya upole ambaye baadaye nilikuja kumheshimu sana, alinisikiliza hadi mwisho kisha akauliza, "Mama, usiku wa kwanza kule, ni kitu gani ambacho hamuwezi kulala bila kuwa nacho?" Tulipomaliza mazungumzo tulikuwa tumekubaliana kwamba kiti kisiingie kwenye lori kabisa bali kisafiri nasi, kwamba kitanda, godoro, mito, fremu, na sanduku moja lenye brenda, chandarua na nepi vipakiwe mwisho, karibu na mlango wa lori, ili vishuke kwanza, na kwamba chumba cha binti yetu kifungwe baada ya vyumba vingine vyote. Siku iliyofuata alikuja mwenyewe, akayaandika hayo kwa mkono nyuma ya mkataba, akatia sahihi, nami nikatia yangu. Fomu ya kampuni haina nafasi ya maelezo ya namna hiyo, na ukurasa wa nyuma ndio uliokuwa mtupu.

Kazi ya kufunga vyombo ndiyo iliyonifanya niamini kwamba bei yao inastahili. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo hushtuka mno wakisikia sauti ya ghafla, mwili mzima ukakakamaa na kichwa kikarushwa nyuma, na katika kazi hii hakuna sauti ya ghafla inayorudiwa zaidi kuliko ya gundi ya maboksi inapovutwa kutoka kwenye rola. Binti yetu alishtuka kwa boksi la kwanza, akashtuka kwa la pili, na kwa la tatu akaanza kulia. Hatukuwa tumesema neno bado wakati mmoja wa vijana alipochukua rola zote mbili na kwenda nazo uani nyuma ya nyumba, akaanza kukata vipande vya gundi huko huko na kuvibandika kwa ncha kwenye ukingo wa meza ya plastiki, kisha akawa anaileta meza ndani ikiwa imezungukwa na vipande, wenzake wakivichukua kimoja baada ya kingine. Kazi ilienda polepole zaidi kwa sababu hiyo, wala hakuna aliyenung'unika. Baba watoto, ambaye huwa hasifu mtu kirahisi, alimwita yule kijana pembeni akampa fedha ya soda.

Msimamizi aliifungua fremu ya kusimamia kwa mikono yake. Kabla ya kugusa bisibisi alipiga picha kila kiungo kwa simu, akatia bolti, nati na washa za kila upande katika mfuko wake wa nailoni, akaandika "kushoto" na "kulia" kwa kalamu ya wino mzito, na kuubandika mfuko kwenye ubao uleule ulikotoka. Mikanda ya kunata aliikunja ndani kwa ndani ili isishike vumbi na nyuzi za mablanketi, kwa kuwa ikishajaa nyuzi haibani tena. Hilo sikumfundisha. Kitanda nacho alikifungua namna hiyo hiyo, na mito ya pembetatu ikafungwa pamoja katika shuka safi badala ya kutupwa kwenye gunia la viatu, jambo ambalo nilikwisha kuliona kwa wabebaji wengine tulipohama ndani ya Dar es Salaam miaka ya nyuma.

Sisi tuliondoka kwa treni ya SGR, ambayo ilianza safari za Dodoma Julai 2024. Safari ya treni si sehemu ya huduma ninayoitathmini, lakini naitaja kwa kuwa mzazi atakayefuata njia hii atataka kuijua. Kwa barabara ni takribani kilomita 450, na mtoto asiyeweza kujigeuza hawezi kukaa kwenye siti ya basi kwa saa zote hizo bila maumivu. Kwa treni ni saa nne hivi, stesheni ya Dar es Salaam ina lifti, na kiti kilisafiri pamoja naye. Mkobani tulibeba dawa zake za kifafa, kwa sababu dawa hizo zikikatizwa ghafla kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu, na nakala ya faili lake la kliniki. Kampuni ilijitolea kubeba dawa zote za nyumbani katika boksi maalumu na nilikataa. Nadhani wasiwe wanajitolea kabisa kwa jambo hilo.

Mkataba ulisema kwamba lori litaondoka usiku uleule na kufika Dodoma asubuhi. Asubuhi halikuonekana. Saa nne ofisi ilisema kuna foleni ya mizani, na maelezo hayo sikuyatilia shaka, kwa kuwa kila gari la tani tatu na nusu au zaidi hupimwa, na lori linalotoka Dar es Salaam hukutana na mizani ya Vigwaza na ya Mikese kabla ya kuvuka Morogoro. Adhuhuri ofisi hiyo hiyo ilisema gari lina hitilafu ndogo. Alasiri nilimpigia dereva mwenyewe, ambaye namba yake tulikuwa tumeichukua wakati wa kupakia, naye akanijibu kwa unyofu kwamba alikuwa amekwisha kurudi Dar es Salaam tangu mchana. Mzigo wetu aliushusha Morogoro, katika ghala la kampuni, ukapakiwa kwenye lori kubwa pamoja na vyombo vya wateja wengine wawili wanaohamia Dodoma.

Naelewa kwa nini wanafanya hivyo. Lori dogo lililojaa nusu likienda hadi Dodoma na kurudi tupu linakula faida yote, na kuunganisha mizigo ya familia tatu kunawawezesha kushindana na wenye Fuso. Lakini fikiria kinachoupata mpangilio. Vitu vilivyokuwa mlangoni mwa lori la kwanza ndivyo vilivyoshuka kwanza Morogoro, na vilivyoshuka kwanza ndivyo vilivyoingia kwanza katika lori la pili, kwa hiyo vilikwenda kukaa ndani kabisa. Kitanda, mito, fremu na sanduku la brenda, tulivyovipanga kwa makini ili vitangulie, vilijikuta nyuma ya makochi ya watu tusiowajua. Kila mapatano ya upakiaji tuliyoyaandika nyuma ya mkataba yalitekelezwa kwa uaminifu Dar es Salaam, na kila moja likageuka kinyume chake Morogoro, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Kama tusingesisitiza lolote, vitu hivyo pengine vingeshuka mapema zaidi.

Lori lilifika Ilazo usiku, baada ya kupita kwanza kwa mteja wa Nzuguni. Dereva alikuwa na sheria yake ya kutoshusha mzigo wa ndani gizani, na kwa usalama wa vijana wake siwezi kumlaumu, hivyo vilivyoshuka usiku ule vilikuwa meza, maboksi ya vyombo na kabati la nguo. Mwenye nyumba, mama mtu mzima aliyekuja na tochi kutukaribisha, alituazima godoro na brenda, Mungu ambariki. Godoro lilikuwa laini, na mtoto mwenye misuli iliyokaza akilala kwenye godoro laini nyonga huzama na magoti huvutana. Tulimgeuza kwa zamu mpaka kulipokucha, mablanketi yakiwa yamekunjwa badala ya mito yake. Asubuhi alikuwa amekakamaa kiasi kwamba tulilazimika kumkanda kwa maji ya moto muda mrefu kabla miguu haijakubali kupinda kwenye kiti. Kiti hicho kilikuwepo kwa sababu tu hakikuwahi kuingia kwenye lori, na nikifikiria usiku ule tungekuwa hatuna hata hicho, naona kwamba katika makubaliano yetu yote hilo ndilo lililokuwa na thamani ya kweli.

Kitanda kilishuka kesho yake kikiwa kizima. Fremu ya kusimamia haikuwa nzima: ubao wa upande wa kulia ulikuwa umepasuka mahali ambapo kinga ya magoti hufungwa, bila shaka kwa kulaliwa na kitu kizito kilichopangwa juu yake na mtu asiyejua ni nini. Mfuko wa bolti ulikuwa bado umebandikwa pale pale, na neno "kulia" linasomeka vizuri.

Timu ya Dodoma ni watu wengine, na hawakupewa karatasi yoyote kutoka Dar es Salaam. "Mama, huu ubao tuuweke stoo?" kijana mmoja aliniuliza akiwa ameushika ubao wa fremu, na swali hilo linaeleza udhaifu wa kampuni hii vizuri zaidi kuliko ningeweza mimi. Walipoelezwa, hata hivyo, walibadilika papo hapo. Waliacha sebule, wakaingia chumbani kwa binti yetu, wakafunga kitanda kwanza na kukijaribu kwa kukikalia wenyewe. Nyumba ina ngazi mbili za kibaraza, nao walitumia mbao za kreti iliyobeba friji kutengeneza mteremko wa muda ambao bado tunautumia wakati tukisubiri fundi wa zege. Mlango wa bafu una upana wa sentimita 70 na kiti chetu kina sentimita 62, upana ambao kwenye karatasi unatosha, lakini ubao wa mlango ukiwa wazi hula sentimita kadhaa na magurudumu yalikuwa yanakwaruza. Mmoja wao alishauri tuung'oe mlango kwenye bawaba na kuning'iniza pazia, mwenye nyumba akakubali, na ndani ya nusu saa kiti kilikuwa kinaingia. Kazi hii haikuwa kwenye mkataba na hawakudai malipo ya ziada.

Kuhusu fidia, hapa ndipo ninapokuwa mkali zaidi. Kampuni ina bima ya mzigo, na bima hulipa kulingana na bei iliyoandikwa kwenye fomu ya ukaguzi. Vitu vilivyowekwa kwenye "mengineyo" havina bei. Ofisi ilipendekeza kutulipa shilingi laki moja na themanini, ambayo kwa hesabu yao ni bei ya plaiwudi na ufundi wa seremala. Plaiwudi ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Fremu hiyo ilitengenezwa baada ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo kupima urefu wa mapaja, kimo cha magoti, upana wa kifua na pembe ambayo visigino vyake vinaweza kufika bila kulazimishwa, na seremala akaichonga kwa kufuata vipimo hivyo, akarudishiwa mara mbili kuirekebisha. Ubao mmoja ukibadilishwa kwa kukisia, kinga ya magoti inakaa juu au chini ya inapotakiwa, na fremu inayombana mtoto mahali pasipofaa ni bora isitumike. Tunachodai ni gharama ya kupimwa upya na kutengenezewa, pamoja na nauli za kumpeleka kwa mtaalamu. Majibu ya ofisi yamekuwa ya heshima na ya taratibu mno. Yule mzee msimamizi alinipigia kwa simu yake mwenyewe kusema pole, akaongeza, "Niliandika vizuri, mama, ila karatasi ilibaki na mkataba ofisini."

Je, Fuso ya kawaida ingekuwa bora? Kwa jambo hili moja, ndiyo. Mwenye Fuso anayepakia Tabata hafungui mlango wa gari wala turubai mpaka Dodoma, na dereva na utingo wake hulala juu ya mzigo, kwa hiyo kilichowekwa mwisho kitashuka kwanza. Kwa mengine yote, hapana. Vibarua hulipwa kwa kumaliza haraka, hakuna atakayekata gundi uani kwa ajili ya mtoto wa mtu, fremu ingefunguliwa kwa nyundo, na mvua ikinyesha Gairo ingepenya turubai lenye matundu na kulowesha godoro na mito ya sponji. Mzazi mwenzangu tuliyezoeana kliniki alihamia Dodoma kwa Fuso, mumewe akakaa mbele na dereva safari nzima kulinda kiti cha mtoto wao, na kiti kilifika salama. Si kila familia ina mtu wa kumkalisha mbele ya Fuso usiku kucha, hasa pale ambapo mtoto anahitaji mikono miwili ya watu wazima wawili.

Kwa mzazi atakayeamua kuitumia kampuni ya aina hii, ningemshauri aombe kuona leseni ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ya gari litakalobeba mzigo, kisha alinganishe namba ya gari hilo na litakalofika Dodoma. Masharti ya vifaa vya mtoto yaandikwe ndani ya mkataba wenyewe na nakala yake apewe dereva. Kila kifaa kiandikiwe bei, na bei hiyo ihesabu vipimo na marekebisho pamoja na mbao na chuma, kwa sababu bima haitalipa kisichoandikwa hata kama kila mtu chumbani alikiona. Ningelipa pia, bila kusita, nauli na posho ya msimamizi wa Dar es Salaam ili awepo wakati wa kushusha. Niliwauliza baadaye kama hilo linawezekana, wakasema linawezekana, na kwamba hakuna mteja aliyewahi kuliomba. Mtoto na kiti chake wasitenganishwe hata kwa saa moja, na hili halihitaji kujadiliwa na kampuni yoyote.

Familia isiyo na mahitaji kama yetu ingeweza kuipa kampuni hii nne kati ya tano bila kuona shida, kwa kuwa kuchelewa kwa siku moja ni usumbufu tu ikiwa watoto wanaweza kulala popote. Mimi naipa mbili na nusu, na karibu zote ni za wafungaji wa Tabata na vijana wa Ilazo. Wiki iliyopita ofisi yao ilinieleza kwamba mteja anayelipia lori zima, kwa nyongeza ya shilingi laki nne, hahamishiwi mzigo wake Morogoro. Huduma hiyo haimo kwenye kipeperushi chao, wala kijana wa ukaguzi hakuitaja, na hata mzee msimamizi alidhani ni ya ofisi na mashirika tu. Atakayewapigia simu aitaje kwa maneno hayo hayo, lori zima bila kushusha Morogoro, na ahakikishe maneno hayo yameandikwa upande wa mbele wa mkataba kabla ya kulipa malipo ya awali.